UZI: Gia zisizo za kawaida na zilizochezewa kwenye baiskeli za kukunja, tuweke zote hapa

Kunja_Beba (mleta uzi)

Wadau wa baiskeli za kukunja, habari zenu. Kila siku naona watu wanaulizia gia, mmoja anataka kupanda mlima bila kushuka, mwingine akiteremka miguu inazunguka bure pedali haishiki kitu, na majibu wanayopewa ni yale yale, uza hiyo nunua nyingine. Mi sikubaliani kabisa. Baiskeli ya kukunja unaweza ukaibadilisha gia ikawa kitu kingine, ila niseme jambo moja mapema ili tusipishane huko mbele: mkunjo ndio unaotoa ruhusa. Gia ikishafungwa halafu baiskeli haikunjiki tena, au inakunjika ila inasimama imeinama, au direla (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kutoka sproketi moja kwenda nyingine) inagonga chini kila ukiibeba, hiyo kwangu haijafanikiwa hata kama inapanda ukuta.

Alafu tuache kuhesabu idadi ya gia, tuhesabu mita. Ukizungusha pedali mara moja kamili baiskeli inasogea mita ngapi? Chukua mzingo wa tairi, zidisha kwa meno ya sproketi (duara la meno linaloshika cheni) ya mbele, gawa kwa meno ya nyuma, na kama habu (kitovu cha gurudumu la nyuma) ina gia za ndani zidisha tena kwa uwiano wa hiyo gia. Basi. Tairi la inchi 16 la aina inayotumika kwenye Brompton, ile baiskeli ya kukunja ya Waingereza (ringi 349, yani kipenyo cha ringi kwa milimita) lina mzingo wa kama mita 1.33, la inchi 20 lenye unene wa kawaida (ringi 406) kama mita 1.5, na baiskeli kubwa ya 700C kama mita 2.1. Na muwe makini hapo manake "inchi 16" sio moja, kuna ringi 349 na kuna 305 na tairi haziingiliani, inchi 20 nayo kuna 406 na 451.

Sasa angalieni shida ilipo. Baiskeli kubwa yenye 50 mbele na 11 nyuma inaenda mita 9.5 kwa mzunguko mmoja. Ukitaka hizo hizo kwenye inchi 20 na 11 nyuma unahitaji sproketi ya mbele ya meno kama 70. Sabini! Kwenye inchi 16 ni zaidi ya hapo. Ndio maana hizi baiskeli zimezaa mitindo ya ajabu ya gia kuliko aina nyingine yoyote, tairi dogo linakulazimisha utafute njia. Unapunguza meno nyuma, au unaongeza mbele, au unaficha gia ndani ya habu, au ndani ya kranki (pale mikono ya pedali inapozungukia). Na wengine wanachanganya mbili tatu kwa pamoja, hao ndio nawatafuta kwenye huu uzi.

Tupia ulichonacho, na tafadhali weka mita, chini kabisa na juu kabisa.


MenoTisa

Mkuu umenigusa, manake mi ni mtu wa kupunguza nyuma. Shimano walikuwa na seti inaitwa Capreo, ilitengenezwa mahususi kwa tairi ndogo, kaseti (rundo la sproketi za nyuma) ya gia 9 yenye meno 9-10-11-13-15-17-20-23-26. Jino 9! Hiyo sproketi ya 9 ni ndogo kuliko ule mwili wa habu unaobeba kaseti, ndio maana habu ya kawaida inaishia 11, haiwezi kuingia kitu kidogo zaidi, ikabidi Capreo iwe na habu yake yenyewe. Na hapo ndio pagumu siku hizi kwasababu imeshaacha kutengenezwa, kaseti yake haikai kwenye habu nyingine za kawaida, ukiipata habu bila kaseti au kaseti bila habu una pambo la ukutani.

Inchi 20, mbele 52, nyuma 9-26: chini mita 3, juu mita 8.7. Kwa tambarare ni tamu sana, na direla ni fupi kabisa haisogelei ardhi.


Kunja_Beba (mleta uzi)

MenoTisa nakubali mita zako, ila niongeze upande wa pili kwa faida ya wanaosoma. Sproketi ndogo sana ina ukali wake. Cheni haizunguki kwenye duara, inazunguka kwenye pembe, na meno yakiwa machache ile pembe inakuwa kali, kwahiyo mwendo wa cheni unapanda na kushuka ndani ya jino moja hadi lingine. Kwa meno 9 tofauti inafika kama asilimia 6, kwa meno 11 kama 4, kwa 13 kama 3. Mguu unausikia, kama mtetemo mdogo kwenye pedali ukikanyaga kwa nguvu polepole. Na meno 9 yanaliwa haraka kwasababu kila jino linabeba mzigo mara nyingi zaidi. Kama mkunjo unaruhusu, bora uongeze mbele kuliko kupunguza nyuma.

Swali linakuja unaongeza mpaka wapi. Kwenye zinazokunjika katikati kuelekea kushoto kama Dahon nyingi, cheni inabaki nje upande wa kulia, sproketi kubwa haigombani na gurudumu lingine ila inakuwa karibu na ardhi na ndio inapokea vipigo ukiiweka chini. Kwenye Brompton gurudumu la mbele linakuja kukaa upande wa cheni, cheni inabaki katikati ya magurudumu mawili, safi kwa nguo zako, ila nafasi ni finyu na kiwandani wanatoa 44, 50 na 54 tu. Ukitaka kupita hapo kunja kwanza baiskeli, pima kwa rula umbali kati ya meno na kila kitu kinachoyasogelea, ndio uagize.


fundi_spoku

Nyie wote mnazunguka nje. Mimi nafunga magurudumu kila siku na nawaambia gia ya baiskeli ya kukunja mahali pake ni ndani ya habu, na ukitaka zaidi unaongeza sproketi mbili nje. Hiyo ndio Brompton wamefanya na mpaka leo sijaona mtu aliyewazidi kwa uzito huo na upana huo.

Niieleze manake wengi wanaitumia hawaijui. Habu yao ya gia 3, wanaiita BWR, inatengenezwa na Sturmey-Archer, uwiano ni 0.64, 1 na 1.57. Ni mruko mkubwa sana, kutoka gia moja kwenda nyingine ni zaidi ya asilimia 56. Peke yake ungechukia, ama unasukuma mzigo ama unazunguka kama feni. Ndio wakaweka sproketi 2 nje, 13 na 16, tofauti asilimia 23, inakata ule mruko karibu nusu. Gia 6, upana (gia ya juu kabisa ukiigawa kwa ya chini kabisa) asilimia 302. Ukiwa na 50 mbele hiyo ni kuanzia mita 2.66 mpaka 8. Ukiweka 44 inakuwa 2.34 mpaka 7.

Na ile direla yao sio direla mnayoijua. Hakuna mkono wenye springi unaotembea kushoto kulia. Kikaza cheni kipo kivyake, magurudumu yake madogo yanateleza yenyewe kwenye ekseli yake, na kuna kijimkono kingine kazi yake ni kuisukuma tu cheni kulia au kushoto, na skrubu mbili za kuweka mwisho wa mwendo. Basi. Hicho kitu unaweza kukiiga kwenye baiskeli nyingine yoyote yenye sproketi mbili na kikaza, nimeshafanya kwa bamba la chuma na kishikio cha gia cha zamani kisicho na hatua, kinafanya kazi.

Sasa kwa wenye habu ya AW, ile Sturmey-Archer ya gia 3 iliyokuwepo tangu miaka ya 1930, hesabu ni tofauti, msiige 13 na 16. AW ni 0.75, 1, 1.33. Mruko ni asilimia 33. Nusu yake ni kama 15. Kwahiyo sproketi zako ziwe 13 na 15, hapo unapata gia 6 zilizopangana vizuri kwa hatua karibu sawa, mguu unafurahi. Ukiweka 13 na 16 inafanya kazi ila hatua zinakuwa za kuyumba, kubwa ndogo kubwa ndogo. Upana wote kwa 13 na 15 ni asilimia 205 tu, sio nyingi, ila kwa mtu wa tambarare yenye upepo huo mpangilio ni bora kuliko gia nyingi ambazo hauzitumii.

Sproketi zake ziwe zile zilizopinda kidogo, unazigeuza zitazamane migongo ili cheni ipate nafasi katikati, na cheni iwe ile nyembamba, ya inchi 3/32, ile nene ya inchi 1/8 itasugua.


Mpanda_Kilima

Kaka fundi mi nina shida ndogo tu. Yangu ni inchi 20, gia 7 nyuma ile friwili (rundo la sproketi) ya kuzungushia kwenye nyuzi za habu, 14-28, mbele 52. Kuna kilima njia ya kila siku nashuka nasukuma. Sina hela ya mambo makubwa ya habu. Nifanyeje?


fundi_spoku

Mpanda_Kilima wewe kwanza hesabu kama mleta uzi alivyosema. 52 gawa 28 mara 1.5 ni mita 2.8 chini. Juu 5.6. Yani una gia za katikati tupu, chini hakuna juu hakuna. Wauzaji wengi wanafunga hiyo 14-28 kwasababu ni ya bei rahisi kuliko zote.

Dawa ni friwili yenye jino 11. Watu wanadhani friwili za nyuzi zinaishia 13 au 14, sio kweli, zipo za kampuni ya DNP za gia 7 zenye 11-34, zinaingia kwenye nyuzi zile zile. Ukiweka hiyo na mbele ukashuka mpaka 48 unapata mita 2.1 chini na 6.5 juu. Umeongeza pande zote mbili na hujabadilisha gurudumu. Angalia mambo matatu tu, direla yako iwe inameza 34, cheni uipime upya manake 34 inakula cheni, na ukishafunga baiskeli isimame kwenye tairi uone kile kichwa cha chini cha direla kimebaki juu ya ardhi kiasi gani ukiwa kwenye gia ya 34. Ekseli ya inchi 20 iko kama milimita 250 tu kutoka chini, direla ndefu inaweza ikakaribia kabisa, ikigusa ukingo wa barabara inaingia kwenye spoku.


Mpanda_Kilima

Asante sana kaka, kumbe hata juu naongeza. Ntaleta majibu.


RadiMbili

Naomba kuleta ya kwangu, haijatajwa bado. Sturmey-Archer wana habu inaitwa CS-RK3, ndani gia 3 (zile zile 0.75, 1, 1.33) na nje inabeba kaseti ya kawaida kama ya Shimano. Zamani SRAM walikuwa na DualDrive, wazo hilo hilo, Bike Friday, Dahon na Birdy nyingi zilitoka nayo, ila SRAM walishaacha kutengeneza habu za gia za ndani kwahiyo vipuri vyake ni vya kuokoteza.

Mimi ninayo kwenye inchi 20, kaseti 11-32, mbele 50 moja tu. Hesabu: chini mita 1.76, juu mita 9. Upana wake asilimia 517. Linganisha na habu ya Rohloff ya gia 14 za ndani ambayo ni asilimia 526, karibu sawa na bei sio ya kufananisha hata kidogo. Hakuna direla ya mbele, na hiyo ndio raha yenyewe kwasababu baiskeli za kukunja nyingi ule mlingoti wa siti ni mnene na hauna pa kushikia direla ya mbele. Na kuna kitu cha pili, ukisimama kwenye taa ghafla ukiwa gia nzito, unarudisha gia za ndani umesimama, cheni haijasogea, unaondoka mwepesi. Ukiwa na kaseti peke yake huwezi.

Ubaya ni upana wa nyuma. Inataka milimita 130 au 135. Dahon nyingi nyuma ni 130 kwahiyo hakuna shida. Brompton ya kawaida ni kama 112, haiingii.


Kunja_Beba (mleta uzi)

RadiMbili hiyo ndio aina ya michango niliyokuwa naisubiri. Na umegusa penye kidonda, upana wa nyuma. Kila anayetaka kuchezea gia lazima apime umbali kati ya zile kucha mbili zinazoshika ekseli, kwa ndani, gurudumu likiwa limetoka. Fremu ya chuma fundi anayejua kazi anaweza kuipanua milimita chache kwa baridi. Ya alumini usiiguse, alumini haisamehi, inapasuka baadae ukiwa kwenye mteremko.

Kwa wanaotaka Rohloff kwenye Brompton, ambayo mi naiona ndio kilele cha haya mambo, kuna karakana ya Glasgow kule Scotland, Kinetics, walijijengea jina kwa kazi hiyo. Rohloff inataka milimita 135, kwahiyo pembetatu nzima ya nyuma inabidi itengenezwe pana. Kwa 54 mbele na 13 nyuma unapata mita 1.54 chini na 8.1 juu, hatua zote 14 zinalingana, asilimia 13.6 kila moja, hakuna gia inayojirudia. Na watu wanaogopa kwamba habu itateseka kwenye tairi dogo, ni kinyume chake. Habu inaumizwa na nguvu ya kuzungusha inayoingia kutoka kwenye cheni, na kwenye tairi dogo uwiano wa mbele na nyuma unakuwa mkubwa, zaidi ya 4 kwa 1, kwahiyo nguvu inayofika kwenye habu ni ndogo kuliko kwenye baiskeli ya mlimani ya tairi kubwa.

Ila kikaza cheni unakihitaji hata ukiwa na gia za ndani tupu. Kwenye Brompton pembetatu ya nyuma inazunguka kwenye bawaba ambayo haipo mahali pamoja na ekseli ya kranki, kwahiyo ukikunja umbali wa cheni unabadilika, inalegea, lazima kitu kiivute.


Kisigino

Wadau mmesahau kranki. Kuna Mswisi anaitwa Florian Schlumpf, alibuni gia inayokaa ndani ya kranki yenyewe, unaibadilisha kwa kisigino, kuna kitufe katikati ya kranki kila upande, unakigonga na kisigino ukipita, tak, umebadilisha. Hakuna waya. HAKUNA WAYA jamani, kwa baiskeli ya kukunja hiyo ni baraka manake waya ndio unaosumbua kwenye bawaba.

Zipo za aina tatu. Mountain-drive inapunguza mara 2.5, yani 50 yako inakuwa kama 20. Speed-drive inaongeza mara 1.65, unaweka 34 ndogo inafanya kazi kama 56. Na High Speed Drive inaongeza mara 2.5, unaweka 27 mbele inakuwa kama 67. Mnaona hiyo ya mwisho inavyotibu ile hesabu ya meno 70? Sproketi ya meno 27, ndogo kama kiganja, haigongi kitu chochote kwenye mkunjo, na bado una 67 ukiitaka.

Ninayo Speed-drive kwenye inchi 20 na siiachi.


fundi_spoku

Kisigino kitu kizuri ila useme na masharti yake. Moja, kile kirungu cha fremu kinachobeba kranki, toleo lililozoeleka linataka midomo yake ichongwe mteremko kwa kifaa maalum, na ukishachonga umechonga. Mbili, Mountain-drive kabla ya habu ya gia za ndani ni hatari kwa habu. Inapunguza mwendo mara 2.5 maana yake inazidisha nguvu kwenye cheni mara 2.5. Mtu mzito akasimama kwenye pedali, vile vijigia vidogo ndani ya habu ya gia 3 havikujengewa hivyo. Mimi nikimfungia mtu namwambia kabisa, humo unakanyaga umekaa.

Na tatu hesabuni mwendo. Brompton ya gia 6 na Mountain-drive, gia ya chini inakuwa mita 1.06. Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika unaenda kama kilomita 3.8 kwa saa. Hiyo ni mwendo wa kutembea kwa miguu taratibu, na kwa tairi la inchi 16 kusimama wima bila kuyumba kwa mwendo huo ni kazi kweli. Mwenye mizigo kwenye mlima mrefu ntamwelewa, wengine hapana.


Pole_Pole

Mi napenda gia chache, gia 2 zinanitosha, ila zijibadilishe zenyewe. Nina SRAM Automatix kwenye inchi 16. Ndani kuna vijiuzito vidogo, gurudumu likizunguka kasi vinafunguka nje, vinashinda springi, gia inaingia, tofauti asilimia 37. Hakuna waya hakuna kishikio.

Ila kwenye tairi dogo inabadilisha mapema mno! Kabla sijachanganya vizuri ishaingia nzito. Kuna mwenye dawa?


Kunja_Beba (mleta uzi)

Ndugu Pole_Pole dawa ipo na sababu yake inapendeza. Habu haijui unaenda kilomita ngapi, inajua inazunguka mara ngapi. Gurudumu lako la inchi 16 linazunguka mara 1.58 kwa kila mzunguko mmoja wa 700C. Tuseme habu ilipangwa ibadilishe kwenye kilomita 18 kwa saa kwa baiskeli kubwa, kwako itabadilisha kwenye kama 11. Ni mapema kweli.

Wanachofanya watu ni kufungua habu na kukaza ile springi inayovirudisha vile viuzito. Ni springi ndogo ya waya, unaikunja ncha yake kidogo ili ivute zaidi. Kidogo sana, kisha unaijaribu kwa kuizungusha mkononi usikie inapoingia, ukizidisha haitabadilisha kabisa. Fanyia kazi juu ya kitambaa cheupe manake vile vipande vikianguka sakafuni hauvioni tena. Ukishairudisha weka grisi nyepesi kwenye viuzito, ile nzito inavigandisha.


Pole_Pole

Nashukuru mkuu, wikiendi hii naifungua. Na je ile habu ya Sturmey-Archer ya S2C, unakanyaga nyuma kidogo inabadilisha gia, ukikanyaga nyuma zaidi ni breki, inaweza kukaa kwenye Brompton?


fundi_spoku

Hapana. Ukikanyaga kurudi nyuma unavuta cheni upande wa chini, na chini ndipo kikaza kilipo. Nguvu yote ya breki inaingia kwenye kikaza, springi inanyooka kwanza, pedali inarudi nyuma sana kabla breki haijashika, na plastiki ile inaweza kuvunjika ukabaki huna breki ya nyuma. Breki ya pedali na kikaza cha springi havikai nyumba moja. Hii ni kwa baiskeli yoyote, sio Brompton tu.

Baiskeli ambayo sehemu ya nyuma haisogei kwenye mkunjo na ina kucha za mlalo unazokazia cheni kwa kuvuta gurudumu, hiyo inakubali. Na hapo S2C inapendeza sana, hakuna waya hata mmoja unaoenda nyuma.


RadiMbili

Samahani nitoke kidogo, mmeiona ile Brompton ya gia 12? Wamechukua ile habu ya 3 (0.64, 1, 1.57) wakaweka nje sproketi 4 za matoleo yao mepesi, 11-13-15-18. Fundi unasemaje manake umewasifia.


fundi_spoku

Nimeihesabu. Upana unazidi kidogo asilimia 400, hapo hongera zao. Ila gia 12 sio 12 kamili. Kutoka 18 mpaka 11 ni uwiano wa 1.64, na mruko wa habu ni 1.56 na 1.57, kwahiyo sproketi zimeuzidi mruko wa habu na gia zinapandana. Habu kwenye gia ya chini na sproketi ya 11, ukilinganisha na habu gia ya kati na sproketi ya 18, tofauti ni kama asilimia 5 tu. Juu vivyo hivyo. Kwa mguu unapata 10.

Bado naipenda lakini. Hatua za nje ni 20, 15, 18, zimekaa vizuri, na safari nyingi unaweza kuacha habu kwenye gia ya kati ambayo ni moja kwa moja haipotezi nguvu ndani, ukachezea zile 4 tu, habu unaigusa ukiona mlima au mteremko. Hiyo ni tofauti na ile ya gia 6 ambayo inakulazimisha ubadilishe mikono yote miwili kila mara ukitaka hatua ndogo.


Nane_Ndani

Kwa wenye tairi ndogo wanaotaka gia za ndani tupu bila kuhangaika na sproketi kubwa mbele, angalieni Sturmey-Archer ya gia 8, ile X-RF8 toleo la W. Gia ya 1 ndio moja kwa moja na zote zinazofuata zinaongeza, mpaka 3.25 kwenye gia ya 8. Habu nyingine moja kwa moja iko katikati. Kwenye tairi kubwa hii habu ni kero, sproketi ya mbele inabidi iwe ndogo ya ajabu, ila kwenye inchi 20 inakaa pake: 38 mbele 23 nyuma, mita 2.5 mpaka 8. Sproketi ya 38 haigongi chochote.

Kibaya chake, kwasababu gia 2 mpaka 8 zote zinapita kwenye vijigia vya ndani, unahisi uzito fulani kule juu, kama cheni imekauka. Mi nimezoea. Na kuna mruko mkubwa mwanzo na mwisho, asilimia 30, katikati ni ndogo ndogo.


Mpanda_Kilima

Wadau nimerudi. Nimefunga 11-34 na mbele 48, KILIMA NAPANDA NIMEKAA. Direla imebaki na vidole viwili hivi kutoka chini, fundi umesema kweli. Nina furaha sijui niseme nini.

Sasa mke wangu naye ana ya kukunja ya zamani, habu ya AW gia 3, akiwa kwenye gia ya 3 akikanyaga kwa nguvu inachomoka ghafla pedali inazunguka bure. Inamtisha. Habu imekufa?


fundi_spoku

Hongera ndugu. Habu haijafa mpaka tuthibitishe, kwanza ni waya. Kwenye AW za zamani kati ya gia ya 2 na ya 3 kuna mahali hakuna gia kabisa, waya ukiwa umekazwa zaidi kidogo habu haiingii yote kwenye 3, inaning'inia ukingoni, ukikanyaga inaangukia pale patupu. Asisimame kwenye pedali mpaka muirekebishe, watu wanaumia kwa hilo.

Fanya hivi. Weka kishikio gia ya 2. Nenda upande wa kulia wa gurudumu la nyuma, ile nati ndefu ya ekseli ina tundu ubavuni, chungulia kwa tochi. Utaona kijicheni kidogo kinachoingia ndani ya ekseli, mwisho wake kimeshikana na kijiti. Ile sehemu kicheni kinapoungana na kijiti inatakiwa iwe sawa sawa na mwisho wa ekseli, isitokeze nje wala isizame. Ikiwa imetokeza nje waya umekaza sana, legeza kirekebishaji nusu mzunguko, zungusha pedali, chungulia tena.

Kwenye baiskeli ya kukunja kuna la ziada. Gia ya 3 kwenye AW ni pale waya unapolegea kabisa, na kama ganda la waya limekatwa fupi au limebanwa kwenye bawaba, linauvuta waya hata kishikio kikiwa kwenye 3. Kwahiyo ukishaweka sawa kaza kinati cha kufungia, ikunje baiskeli yote, ikunjue, igeuze usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, halafu chungulia tena kwenye tundu. Kikiwa kimesogea, ganda la waya ndio la kubadilisha, ongeza urefu sentimita chache pale kwenye bawaba.